Wasusi wa Chang'ombe Walivyoiokoa Riwaya Yangu

Naandika haya nikiwa bado na kinyongo na watu walionihakikishia, mwaka 2022, kwamba riwaya ya mapenzi yenye taharuki haiuziki Tanzania mpaka wapendanao walale hoteli ya ufukweni na mtu afie ndani ya gari la kifahari. Mimi nina steshenari ndogo hapa Dodoma, yenye mashine moja ya fotokopi na kompyuta mbili, na bahari nimeiona mara tatu tu maishani. Hata hivyo niliwasikiliza. Niliandika kurasa zaidi ya mia mbili za mapenzi ya ufukweni, nikamlipa mpiga chapa mmoja milioni moja na ushee kwa nakala 300, jalada likiwa na mwanamke anayelia na bastola kubwa kuliko kichwa chake.

Ziliuzika kama ishirini, nyingi kwa ndugu ambao hawakupata namna ya kukataa. Zilizobaki nilizipanga uvunguni mwa kitanda, juu ya sakafu, bila hata kipande cha ubao, na aliyewahi kuishi Dodoma anawajua mchwa wa huku. Siku mke wangu alipoinua boksi la kwanza ili afagie, kitako cha boksi kilibaki chini pamoja na nusu ya vitabu. Aliokota nakala moja iliyosalia jalada tu, akaigeuza huku na huku, akaniambia kwa upole, "Baba watoto, angalau hawa wamekimaliza. Mimi nilikwama sura ya pili."

Nilicheka kwa shida, lakini swali la kwa nini alikwama lilinisumbua kuliko pesa. Nilipombana, alisema alijua tangu mwanzo kwamba yule kijana ni mwema, hivyo hakuona cha kumwogopesha. Hapo ndipo nilipoelewa kosa langu: nilikuwa nimeyaweka mapenzi chumba kimoja na mauaji chumba kingine. Riwaya ya upelelezi huuliza nani ameua, lakini hii yetu huuliza jambo linalouma zaidi, yaani kama huyu ninayempikia na kumfulia ndiye aliyeua. Shaka hiyo ikimtoka msomaji mapema, kinachobaki ni barua ndefu ya mapenzi.

Nilianza upya, safari hii nikaandika ninayoyajua. Mhusika wangu akawa dada anayenunua zabibu Hombolo, ambaye kaka yake ameuawa, na ambaye amempenda dereva wa lori linalosafirisha zabibu hizo. Mwishoni mwa sura ya nne analoweka shati la dereva, anapapasa mfukoni, na anatoa ufunguo wenye uzi mwekundu ambao yeye mwenyewe aliufunga kwenye ufunguo wa ghala la marehemu.

Namna ya kuitangaza niliipata dukani kwangu. Msusi mmoja wa Chang'ombe ya hapa Dodoma alikuja kutoa nakala za bei zake za rasta, akalalamika kwamba wateja wanaokaa saa nne au tano kwenye kiti humaliza chaji ya simu na kuanza kumharakisha. Jioni ile nilichapa zile sura nne kwenye karatasi za kawaida, nikazikunja na kuzibana pini katikati, nikaikata hadithi palepale kwenye uzi mwekundu na kuweka namba yangu ya simu chini yake. Gharama ilikuwa mia kadhaa kwa kijitabu, na muda wangu siuhesabu.

Wiki ya kwanza sikupata hata ujumbe mmoja, kwa kuwa wateja walivichukua vijitabu wakaondoka navyo, na nadhani vingine vilifungia maandazi. Msusi ndiye aliyenifundisha: alitoboa kijitabu, akakifunga kwa uzi wa kusukia kwenye fremu ya kioo, kama kalamu ya benki. Kwa kuwa hakiondoki, na kwa kuwa anayesukwa hawezi kuinama, ikabidi mmoja asome kwa sauti na wengine wasikilize. Nilikwenda kushuhudia Jumamosi moja, nikajifanya namsubiri mtu. Msomaji alipofika kwenye ufunguo alinyamaza, akageuza ukurasa, akakuta namba yangu, akaanza kunitukana bila kujua kwamba nimekaa nyuma yake. Sijawahi kusifiwa vizuri namna ile. Kabla ya magharibi watu sita walikuwa wamenitumia shilingi 3,000 kila mmoja ili wapate sura zilizosalia kwa WhatsApp.

Saluni zile zilinifanyia pia kazi ya uhariri ambayo nisingeweza kuilipia. Katika sura ya tatu nilikuwa nimeandika kwamba mvua kubwa ya Agosti ilifuta nyayo za muuaji, na mama mmoja mwenye nusu kichwa kilichosukwa akamkatiza msomaji, "Mvua ya Agosti, Dodoma hii?" Saluni nzima iliangua kicheko na hadithi ikafa palepale, kwani msomaji akishacheka mahali ulipotaka aogope, huwezi kumrudisha. Nilipomsalimia na kukiri kwamba mwandishi ni mimi, aliniambia, "Mwanangu, huku Agosti ni upepo. Weka upepo." Niliuweka, na ukafaa kuliko mvua, maana vumbi lile lililofuta nyayo ndilo dada analolikuta limeganda kwenye pindo za suruali ya dereva.

Pigo jingine lililetwa na treni. Utetezi wote wa dereva ulisimama juu ya jambo moja: saa sita mchana alionekana Kariakoo, na mauaji yalitokea Hombolo jioni ileile. Kwa barabara, kilomita kama 450 zisingemruhusu, na ndege nilikuwa nimekwisha kuiziba kwa umaskini wake. Mwaka 2024 treni ya umeme ikaanza kutufikisha Dodoma kutoka Dar es Salaam kwa kama saa tatu na nusu, na ngome yangu ikabomoka muswada ukiwa umebakiza sura mbili. Nilishauriwa nirudishe hadithi nyuma ya mwaka huo. Nilikataa, nikampandisha dada yule treni hiyohiyo: anashuka stesheni, anatazama saa, na anatambua kwamba utetezi alioupigania mbele ya polisi kwa sura kumi umekufa mikononi mwake. Wasomaji wengi hunitajia sura hiyo.

Waliobaki kunisumbua ni wanaosambaza faili bure kwenye magrupu. Dawa yangu ilikuwa kumpa mwenye genge la mboga wa sura ya tisa jina la mnunuzi wa nakala husika, ili nakala ikivuja nijue ilikoanzia. Nilitegemea iwatishe. Kumbe waliipenda, wakaanza kuniagizia nafasi, na mmoja aliniongezea shilingi elfu mbili nimtoe gengeni nimfanye mchumba wa zamani wa dereva.

Kwa mauzo hayo nilichapisha nakala 100 tu, na zimekaa juu ya kabati. Riwaya ya pili nimeianza, na sura nne za mwanzo ziko saluni, ila msusi amekwisha kunirudishia sura ya pili, akidai kwamba hakuna binti wa Kondoa atakayemfungulia mwanamume mlango usiku kabla hajamuuliza ni mtoto wa nani.