Mvua Inayonyesha Kwingine

Bwana asifiwe, wapendwa. Somo letu la juma hili ni 2 Wafalme 3:9-20. Naomba mlisome lote kabla ya kuendelea, maana ni sura ambayo hatuihubiri mara nyingi. Mimi mwenyewe niliisoma miaka mingi bila kuielewa, na aliyenifungulia ni kijana mmoja wa Kimaasai kule Naivasha, ambaye hata hakujua kwamba ananifundisha Biblia.

Miaka michache iliyopita, mwezi wa Aprili, niliwapeleka vijana wa kanisa letu Hell's Gate. Waliofika wanaijua raha ya mbuga ile. Ni mojawapo ya mbuga chache hapa Kenya ambako unaruhusiwa kuingia kwa miguu au kwa baiskeli, ukapishana na pundamilia na swala kama unavyopishana na mbuzi wa jirani. Tulikodi baiskeli karibu na lango, tukapita chini ya lile jiwe la Fischer lililosimama peke yake kama nguzo, mita 25 kwenda juu. Wamaasai husimulia kwamba ni binti aliyekuwa akipelekwa kuolewa, akageuka kutazama nyumbani kwao, akawa jiwe. "Mke wa Lutu!" wakasema vijana wote kwa sauti moja, na tukaimba njia nzima.

Lakini kilichotupeleka hasa kilikuwa korongo la Njorowa, kule mbele. Tulipofika penye njia ya kushuka, askari wa wanyamapori akatuzuia. Leo hakuna kushuka, akasema. Ninyi mngeiona siku yenyewe! Jua lilikuwa linawaka, anga jeupe, vumbi limetujaa mpaka kwenye nyusi. Vijana wakaanza kunung'unika. Mmoja akatoa simu akamwonyesha utabiri wa hali ya hewa wa Naivasha: jua mchana kutwa. Nami nakiri nilikuwa upande wao. Tulikuwa tumechanga nauli kwa miezi miwili.

Yule kijana aliyekuwa atutembeze hakubishana na mtu. Alitoa simu yake akampigia ndugu yake aliyekuwa akichunga ng'ombe huko vilimani. Swali lake lilikuwa moja tu: "Huko kwenu kunanyesha?" Akasikiliza, akairudisha simu ndani ya shuka. "Mwalimu," akaniambia, "huko juu wingu limefunga. Tukae hapa." Tukakaa chini ya migunga, tukala maandazi yetu, tukarudi. Mpaka leo sijui kama maji yalipita siku ile. Baadhi ya vijana bado wanaamini tulinyimwa bure.

Nilirudi Januari iliyofuata, wakati wa kiangazi, na safari hii tukashuka. Korongo lile limechongwa katika miamba laini iliyotokana na majivu ya volkano, na zamani sana, Ziwa Naivasha lilipokuwa kubwa kuliko sasa, maji yake yalitokea pale kuelekea kusini. Unashuka ukishika mizizi na mashimo ya vidole yaliyochongwa ukutani. Kuna mahali kuta zinakaribiana hivi kwamba ukinyosha mikono unagusa kote kuwili, na mbingu inabaki utepe mwembamba juu ya kichwa. Kwingine maji ya moto yanachuruzika mwambani, kwa kuwa joto la ardhi ni lilelile linaloendesha mitambo ya umeme ya Olkaria, hapo jirani. Chini ya miguu yetu palikuwa na mchanga mkavu na kijito ambacho mtoto angekivuka bila kulowa magoti.

Kisha yule kijana akasimama, akainua fimbo yake juu kabisa. Gogo la mti lilikuwa limekwama katika ufa wa mwamba, limefungamana na majani makavu na mfuko wa plastiki. Fimbo yake haikulifikia. "Maji yaliliacha pale," akasema, akaendelea kutembea.

Nilisimama pale nikiliangalia lile gogo. Mvua inayojaza korongo si lazima inyeshe kwenye korongo. Inanyesha huko juu, kwenye eneo pana la vilima, na pale ardhi inaposhindwa kuinywa, maji yote yale yanatafuta njia moja, na njia yenyewe ni hiki kichochoro ulichosimama. Wewe uko juani. Husikii ngurumo.

Wapendwa, jambo hili lina makaburi. Aprili 2012 vijana 7 wa kanisa moja la Nairobi walifia humo waliposombwa na mafuriko ya ghafla, na Septemba 2019 watu wengine 7 wakafa vivyo hivyo, akiwemo mwenyeji aliyekuwa akiwatembeza wageni. Nayataja kwa uchungu, kwa sababu walikuwa vijana kama wetu, na siku yao ilianza kwa nyimbo kama yetu. Tafadhali mtu asitumie vifo vyao kama kielelezo cha dhambi. Bwana Yesu alipoletewa habari za msiba aliwataja wale 18 walioangukiwa na mnara kule Siloamu, akakataa katakata kwamba walikuwa wakosaji kuliko wenzao. Tuishie alipoishia yeye.

Sasa turudi kwenye somo. Wafalme watatu, wa Israeli, wa Yuda na wa Edomu, wanakwenda kupigana na Mesha mfalme wa Moabu. Wanazunguka kupitia jangwa la Edomu siku 7, na maji yanakwisha, ya askari na ya wanyama. Nchi ile ni ya makorongo matupu. Mto Arnoni, uliokuwa mpaka wa Moabu na Waamori, leo unaitwa Wadi Mujib, uko katika nchi ya Yordani, na watu huenda kutembea ndani yake wakipanda mkondo huku maji yakiwafika kiunoni. Njia hiyo hufungwa miezi ya baridi, ambayo kule ndiyo ya mvua, kwa sababu ileile iliyomfanya askari wetu kusimama penye njia. Mwandishi wa Wafalme alikuwa anaandika habari za nchi ambayo maji yake huja hivyo.

Msikilizeni Yoramu mfalme wa Israeli. Anaona anga kavu na mara moja anatoa hukumu: Bwana ametuita sisi watatu ili atutie mikononi mwa Moabu. Yaani kukosekana kwa wingu kumemtosha kujua moyo wa Mungu. Nilipoyasoma maneno hayo baada ya Naivasha, niliwakumbuka vijana wangu na ile simu. Wao waliona anga jeupe wakasema, tuko salama. Yoramu aliona anga jeupe akasema, tumeachwa. Wote walimwita shahidi mmoja, na shahidi huyo hakuwa amefika mahali jambo lilipotendeka.

Yehoshafati mfalme wa Yuda, yeye, aliuliza kama hakuna nabii wa Bwana karibu. Akatajiwa Elisha, na angalieni anavyotambulishwa: mtu aliyekuwa akimimina maji juu ya mikono ya Eliya. Katika kambi isiyo na tone, anatafutwa mtu aliyezoea kumnawisha mwenzake. Napenda sana mstari ule. Elisha akaomba mpiga kinanda, na alipokuwa akipiga, mkono wa Bwana ukamjia. Neno lililotoka ni kwamba walijaze bonde mahandaki. Hawataona upepo, wala hawataona mvua, lakini bonde litajaa maji, nao watakunywa, wao na ng'ombe wao na wanyama wao.

Fikirieni kuambiwa hivyo. Una kiu ya siku nyingi, ulimi umekauka, halafu unaambiwa uchimbe. Jasho lako la mwisho unalimwaga kwenye shimo kavu, chini ya anga ambalo umekwisha kuambiwa halitaonyesha dalili yoyote. Mungu hakuwaahidi hata kawingu kadogo kama mkono wa mtu, kale alikokaona mtumishi wa Eliya juu ya Karmeli. Kisha asubuhi, wakati wa kutoa sadaka, maji yakaja kwa njia ya Edomu. Kwa njia ya Edomu! Ndiko walikotoka wakiwa na kiu. Sijaambiwa kama ilinyesha huko milimani usiku, lakini nimeona gogo la Njorowa, na siwezi tena kusoma mstari huo bila kuwaza kwamba huenda wakati Yoramu analia "ole wetu", jibu lake lilikuwa tayari linatembea.

Na bila mahandaki? Maji ya korongo hayakai. Yanapita kwa kishindo, na jioni unakuta mchanga. Nadhani ndiyo sababu waliambiwa wachimbe kabla.

Mimi ni mzaliwa wa Makueni. Wenzangu wa Ukambani wanajua mtaro wa fanya juu: unachimba kufuata mkingamo wa mteremko, udongo unautupa upande wa juu, unakuwa kingo la kuzuia maji yasikimbie na shamba. Kina mama huchimba pamoja kwa mwethya, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Na huchimbwa wakati wa kiangazi, Agosti na Septemba, ardhi ikiwa ngumu kama tofali, kwa kuwa mvua ya vuli ikishaanza umechelewa. Nikiwa mtoto niliona aibu mama yangu anavyotoka na jembe kwenye jua lile. Na siwadanganyi: kuna mwaka mitaro ilibaki mikavu mpaka Krismasi, tukala chakula cha msaada. Agosti iliyofuata alikwenda kuizibua. Sikuwahi kumsikia akihubiri juu ya imani.

Juma hili naomba tufanye mambo mawili, na si mepesi. Kama kuna mtu anayekupenda amekuambia usishuke mahali fulani, iwe ni mkopo, ni uhusiano, ni safari, nawe huoni wingu lolote, usimjibu kwa anga lako. Muulize anachokijua cha huko juu. Na kama umeomba mpaka umechoka, na moyo wako umeanza kusema kama Yoramu, tafuta jembe. Safisha chumba cha mtoto aliyeondoka. Mpigie ndugu mliyekosana. Fungua tena kile kitabu cha shule ulichokifunga kwa hasira. Ombi langu kwa Bwana ni kwamba atupe nguvu za mikono hata kabla ya kutupa maji.

Mama bado anachimba, ingawa sasa wenzake wanampa sehemu laini. Alinipigia Jumanne, nikasikia majembe nyuma yake na mtu akiimba. Akasema wamebakiza mtaro mmoja, ule wa upande wa mwembe. Kisha akaniuliza, "Huko kwenu kunanyesha?"

Nikatoka nje nikatazama. "Hapana, mama. Ni kweupe kabisa."

"Hata hapa," akasema, akaniaga, akarudi mtaroni.