Kumbukumbu ya mradi: joto linalosafiri ndani ya slabu

Mama mwenye nyumba aliniuliza mwezi wa pili, tumekaa barazani hapa Magomeni, usiku, feni ndani inazungusha hewa ya moto: "Mwanangu, jua limeshazama, hili joto linatoka wapi?" Nyumba yetu haijaezekwa bati. Juu ni slabu tupu ya zege, unene wa sentimita 15. Nikamjibu, "Nipe muda, mama, nilipigie hesabu."

Wiki ya 1. Mlinganyo wa joto, unaoeleza jinsi joto linavyosambaa ndani ya kitu, tunao tangu enzi za Fourier, mwanahisabati Mfaransa, 1822. Kazi yangu ilikuwa kuukatakata. Nimeigawa slabu kila sentimita 1, nukta 16 kutoka juani hadi darini. Kwenye Excel kila nukta ina safu yake, na kila mstari ni hatua moja ya muda. Joto jipya la nukta ni lile lake la zamani, ujumlishe r mara (jumla ya joto la majirani wawili kutoa mara mbili ya lake). Hiyo r ni kasi ya zege kusambaza joto, nimeweka mita za mraba 0.0000007 kwa sekunde, mara hatua ya muda, gawanya kwa mraba wa umbali kati ya nukta.

Nikachagua hatua ya sekunde 120. Kabla ya mstari wa 30 namba zilishakuwa maelfu ya nyuzi, nukta moja juu, jirani yake chini ya sifuri. Nilikagua fomula usiku mzima. Haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa r, 0.84. Ukiikunjua fomula, joto la zamani la nukta linazidishwa kwa 1 − 2r, na hapo inatoka −0.68. Yaani kadiri nukta ilivyokuwa na moto, ndivyo hesabu inavyoilazimisha kupoa! r isizidi 0.5. Kwa sekunde 60 inakuwa 0.42, na mistari ikatulia. Ukitaka nukta za nusu sentimita, hatua ishuke hadi sekunde 17.

Wiki ya 3. Hili limenisumbua zaidi. Upande wa chini nilikuwa nimeubana kwenye nyuzi 28 muda wote, na grafu ya dari ikalala kama uzi, wakati kiganja changu juu ya kitanda kinahisi moto. Nimeuachia. Nukta ya mwisho sasa inapokea joto kutoka kwa jirani yake wa juu, inatoa kwa hewa ya chumba (wati 6 kwa mita ya mraba kwa kila nyuzi ya tofauti), na kinachobaki kinahifadhiwa katika nusu sentimita yake.

Hapo swali la mama likajibika. Juu joto linafika kileleni saa 8 mchana. Darini, kwa hesabu, saa 11 na nusu jioni. Kipimajoto nilichokibandika darini kwa selotepu kimesema saa 12 kasoro dakika 10. Nilimwonyesha mama grafu. Akaiangalia kwa muda, akasema, "Kumbe tunalalia jua la mchana."

Njia ya Crank na Nicolson ya 1947, namna nyingine ya kupiga hesabu hii, ambayo namba zake hazilipuki hata hatua ikiwa kubwa, nitaijaribu baadaye. Jumamosi napaka chokaa nyeupe nusu ya slabu, upande wa chumba chake. Kipimajoto cha pili nimeshanunua.