Kumbukumbu ya mradi wa kamusi ya Kiingereza-Kiswahili: kidahizo (neno linalotafsiriwa) "appearance"

Wiki ya tatu. Kadi ya "appearance" ilikuwa na kisawe kimoja tu, "mwonekano", na mifano ikasomeka kama kazi ya mashine. Sasa imepasuliwa kuwa kadi tano. Kipimo: tia "sura" kwenye sentensi, ikigoma, hiyo ni maana nyingine.

Kwa mtu, "sura" huelekea usoni, "umbo" mwilini, na "mwonekano" hubeba vyote pamoja na mavazi. Usibofye "badilisha zote". "Sura yake imebadilika", "umbo lake limebadilika", "mwonekano wake umebadilika": ngeli tatu, na kompyuta hubadilisha nomino ikaacha viambishi vya ile ya zamani. Tahajia ni "mwonekano", hata kama nusu ya Nairobi inaandika "muonekano".

Kusaka "sura" kwenye matini nako kuna kero: zinamiminika sura za vitabu. Kiarabu huyatenga maneno hayo mawili, la umbo kwa swadi na la Kurani kwa sini, Kiswahili kimeyakutanisha. Ondoa kwanza kila "sura ya" inayofuatwa na namba au "kwanza", "pili", "tatu". Zinazobaki chambua kwa mkono.

Kadi ya mahakama ndiyo iliyokula muda. Watangazaji wakiripoti kutoka mahakama za Milimani, Nairobi, husema mshukiwa "amefikishwa" mahakamani, maana kuna aliyemleta, shahidi "amefika". Lakini katika kesi ya madai, "enter appearance" si kwenda kusimama mbele ya hakimu. Ni kuwasilisha hati ya kuitikia wito ndani ya muda uliowekwa. Andika "fika mahakamani" na mdaiwa ataketi kusubiri tarehe, huku mdai akiomba hukumu bila mdaiwa kusikizwa. Tumeandika "kuwasilisha hati ya kuitikia wito". Ni refu, lakini halimpotezi mtu.

Kandanda ni rahisi: "20 appearances" ni mechi 20 alizocheza. Aliyeingia dakika ya 89 anahesabiwa. Aliyekaa benchi hadi mwisho, la.

Wingi hugeuza maana tena: "keep up appearances" tumeipa "kulinda heshima mbele za watu". "Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti" imekaa kando kama mfano tu, kwani methali haiwi kisawe.

Kadi ya tano, ya maana ya kutokea au kuanza kuonekana, bado wazi. Upele "hutoka", dalili "hujitokeza", mwezi "huandama". Kitenzi kimoja hakitoshi.