largeHeap si dawa: nilivyonasa uvujaji wa kumbukumbu kwenye programu ya mizani ya korosho

Msimu wa korosho ukichanganya, makarani wa vyama vya msingi huku Tandahimba na Newala hupima magunia tangu asubuhi. Programu niliyowaandikia husoma uzito kutoka mizani ya bluetuthi na kupiga picha ya stakabadhi ya kila mkulima. Ikifika mchana ilikuwa inajifunga, kimya, bila ujumbe. Ushauri nilioletewa ulinichefua: weka largeHeap (ombi la programu kupewa kumbukumbu zaidi), ita System.gc() (amri ya kumwita mfagia taka, anayefuta vitu visivyotumika), wanunulie simu kubwa. largeHeap inaongeza tu nafasi ya kujazwa, na mfagia taka hagusi kitu ambacho bado kimeshikwa, hata umwite mara mia; na uvujaji ndio huo, kitu kisichohitajika tena kuendelea kushikwa.

Kufungwa bila ripoti ya kosa ni dalili tu: huenda Android yenyewe imeiua programu kwa kukosa RAM. Kupata uhakika, tafuta lmkd (sehemu ya Android inayoua programu RAM ikiisha) kwenye logcat, daftari la matukio ya simu.

Mbinu ninayoringia haitaki hata bando. Tafuta simu dhaifu ya GB 2, ya mtumba inafaa zaidi, uichomeke kwenye kompyuta. Fungua skrini ya kupimia, kisha uigeuze simu wima na ulalo mara kumi. Kila ukigeuza, Android huiharibu skrini ya zamani na kujenga mpya, isipokuwa kama umeizuia kwenye manifesti, faili la maelezo ya programu. Bonyeza alama ya pipa la taka kwenye Profiler (kipimo cha matumizi ya programu) ya Android Studio ili mfagia taka apite, halafu kwenye kompyuta andika adb shell dumpsys meminfo ikifuatiwa na jina la kifurushi. Shuka hadi palipoandikwa Activities, yaani idadi ya skrini zilizomo kwenye kumbukumbu. Programu safi husoma 1, pengine 2. Hii ilisoma 11!

Hapa ndipo wengi hupotea. Wanatazama Java Heap (kumbukumbu ya vitu vya Java), wanaikuta imetulia, wanaisingizia simu. Tangu Android 8 pikseli za picha hukaa Native Heap, kumbukumbu iliyo nje ya ile ya Java. Picha ya 4000 kwa 3000, baiti 4 kwa pikseli, ni MB 48. Kumi zikishikwa ni karibu nusu GB, na upande wa Java huoni kitu.

Mshikaji utamjua kwa LeakCanary, maktaba ya kunasa uvujaji; ni mstari mmoja tu wa debugImplementation, unaoiweka kwenye toleo la majaribio pekee. Husubiri sekunde 5 baada ya skrini kuharibiwa. Programu ikiwa bado mbele, haichunguzi mpaka mabaki (vitu vilivyopaswa kufutwa lakini bado vimeshikwa) yafike 5, kwa hiyo bonyeza kitufe cha nyumbani usikae kungoja. Mnyororo ulikuwa huu: kitu cha mizani kinachoishi muda wote, msikilizaji wa uzito, skrini, picha. Mfano wa msimbo uliokuja na mizani unamsajili msikilizaji kwenye onCreate (skrini inapoundwa) na hausemi popote aondolewe. Msajili onStart (skrini inapoonekana), mwondoe onStop (inapotoweka). Picha nazo zipunguze kwa inSampleSize ya 4, yaani upana na urefu vigawanywe kwa 4: MB 48 inakuwa 3.

Wenye fragmenti (vipande vya skrini), binding, kiungo cha msimbo na vitu vinavyoonekana, iwe null (tupu) kwenye onDestroyView, mwonekano unapoharibiwa. Na LeakCanary isiingie kwenye toleo la makarani, maana ikipiga picha ya kumbukumbu programu nzima inaganda, gunia likiwa bado juu ya mizani.