Siku moja maishani mwangu: vidonda vya kokoto na kichupa cha rangi

Kazi ya leo ni boneti ya gari yenye vidonda vya kokoto (pale mawe ya barabarani yalipobandua rangi), mlango wenye mkwaruzo mrefu, na kona ya bampa iliyosugua ukuta. Yote yanafanyika nyumbani, kivulini, kwa kichupa cha rangi, kichupa cha klia (safu angavu inayofunika rangi), praima (rangi ya msingi inayoshikisha rangi kwenye bati) na msasa.

Saa 1:00 asubuhi. Naosha gari na kulikausha. Maji hujificha ndani ya kidonda hata bati likionekana kavu, kwa hiyo napitisha mashine ya kukaushia nywele, moto mdogo. Halafu spiriti ya isopropili kwenye kitambaa safi, kuondoa nta na silikoni. Nta ikibaki, rangi inajitenga na kuacha vishimo vya mviringo, na hapo hakuna dawa ila kufuta na kuanza upya.

Saa 2:00. Ukaguzi, tochi ikimulika kwa ubavu. Napitisha ukucha juu ya mkwaruzo: usiponasa, jeraha liko kwenye klia tu, na kazi yake ni kung'arisha, si kupaka rangi. Ukinasa, tazama rangi ya chini. Kijivu ni praima ya kiwandani, bado nzima. Bati linalong'aa au wekundu wa kutu ni habari nyingine.

Namba ya rangi iko kwenye kibati au stika, mara nyingi kwenye nguzo ya mlango wa dereva au ndani ya boneti. Usinunue kwa jina wala kwa macho. "Nyeupe" ziko nyingi na hazifanani. Napaka tone kwenye kadi, likikauka naweka klia juu yake, ndipo nalinganisha na gari. Bila klia rangi ya chini huonekana imefifia, na watu hurudisha kichupa kilichokuwa sahihi kabisa.

Pia nasugua tina (kiyeyusha rangi) kidogo mahali pasipoonekana, kwa kitambaa. Rangi ya gari ikihamia kwenye kitambaa, basi liliwahi kupigwa rangi laini, na tina haitagusa gari hilo tena leo.

Saa 3:00. Kutu. Nakata kiduara cha msasa namba 320, nagundisha kwenye kitako cha penseli, nazungusha ndani ya kidonda tu. Kingo za rangi zilizoinuka nazing'oa kwa ncha ya sindano, maana zitabanduka zenyewe baadaye na kuondoka na kazi yako. Vitundu vyeusi visivyofikiwa na msasa napaka dawa ya kugeuza kutu, kisha nasubiri muda ulioandikwa kwenye chupa. Ukipaka rangi juu ya kutu hai, inaendelea kula chini kwa chini na kuinua rangi kama malengelenge.

Saa 4:30. Praima, penye bati tupu peke yake. Safu nyembamba, kwa brashi ya kuchorea namba 000. Bampa ni plastiki: haishiki kutu, lakini praima ya kawaida huteleza juu yake, kwa hiyo linatangulizwa dawa ya kushikisha rangi kwenye plastiki.

Saa 5:30. Rangi sasa. Natikisa kichupa dakika mbili kamili, kwa sababu chengachenga za metaliki huzama chini, na ukipaka bila kutikisa unapata rangi ya gari jingine. Brashi ya kwenye kifuniko naiacha humohumo. Ni nene mno kwa kidonda cha ukubwa wa kichwa cha kiberiti. Nachukua kijiti cha meno, nachovya ncha, nagusisha katikati ya kidonda na kuliacha tone litambae lenyewe hadi ukingoni. Kupigapiga brashi huburuta rangi nje.

Hapa ndipo watu wengi huharibu: wanajaza kidonda kwa tone moja. Juu panafunga ngozi, tina inabaki imefungiwa chini, na baada ya siku chache katikati panadidimia au panatoa vipovu. Safu mbili au tatu nyembamba, dakika 30 hivi kati yake. Nasimamisha rangi ikiwa bado chini kidogo ya usawa, ili klia ipate nafasi yake.

Metaliki ya kichupa haitafanana kabisa na ya kiwandani. Ya kiwandani hupulizwa, chengachenga zikalala. Kwenye tone husimama ovyo, na alama huonekana nyeusi zaidi ukitazama kwa upande. Nia ni jicho lisiione kutoka hatua mbili.

Saa 7:00 mchana. Rangi inapokauka, nashughulikia mlango. Mkwaruzo unaopotea ukiulowesha maji ni wa klia. Dawa ya kusugulia kwenye sponji, eneo la sentimita 30 kwa 30, mkono mwepesi, nikiepuka mikunjo ya bodi ambako klia ni nyembamba zaidi. Klia ya kiwandani huwa mikroni 40 hadi 50 tu, pungufu ya unene wa karatasi. Kila ung'arishaji unapunguza, na ndiyo ngao ya rangi dhidi ya jua.

Saa 9:00 alasiri. Kwanza mkono kwenye boneti: usipovumilia joto lake, bati ni la moto mno na klia itaganda kabla haijatambaa. Likiwa poa, klia huwekwa kama rangi, matone madogo, hadi ipande juu ya usawa kwa unywele. Hewa ikiwa na unyevu mwingi klia hupauka na kuwa na ukungu mweupe, kwa hiyo siku ya mvua sipaki.

Saa 11:30 jioni. Jaribu kubwa ni kutaka kusawazisha leo. Klia iliyokauka kwa mguso bado ni laini ndani. Msasa utaifinyanga na kuing'oa yote pamoja na rangi. Saa 24 ni uchache, siku kadhaa ni salama zaidi. Hapo ndipo msasa wa maji 2000, kisha 3000, ukiwa umezungushwa kwenye kipande kidogo kigumu, na tone la sabuni kwenye maji. Futa utazame kila baada ya mipigo michache. Ute mweupe ni klia. Ukiona rangi ya gari kwenye maji, acha hapohapo. Mwisho dawa ya kusugulia, mpaka ukungu wa msasa uondoke.

Gari linalala ndani, mbali na umande. Shingo za vichupa nazifuta kwa tina kabla ya kufunga, la sivyo kifuniko hakitafunguka tena. Nta isubiri kama mwezi mmoja, na mashine ya maji ya presha isielekezwe kwenye boneti wiki hizi za mwanzo.