Nimepita juu ya msitu, nusu ya safari macho nimefumba

Mimi ni mtu wa Moshi, nimekua mlima unanichungulia dirishani, lakini urefu siuwezi kabisa. Hata maghorofa ya Kariakoo nikifika ya tano naanza kutembea nimebana ukuta. Sasa mwezi wa saba nimetoka Bongo mpaka Brisbane kumsalimia dada na shemeji, wiki ya pili dada ananiambia mdogo wangu kesho tunaruka Cairns, kule kaskazini mwa Queensland, kuna kebo kaa inapita juu ya msitu na tiketi nishakata. Nishakata! Yani hata kuniuliza hakuna.

Inaitwa Skyrail, ilifunguliwa 1995, kilomita 7 na nusu kutoka Smithfield, chini kule karibu na bahari, mpaka kijiji cha Kuranda juu. Mnaingia kwenye kijumba cha vioo watu kama sita, na hakisimami kukusubiri, kinapita mdogo mdogo na wewe unadandia kama daladala ya asubuhi, ila konda hayupo. Mpwa wangu ana miaka 7 akaingia anaruka ruka, mimi nikakamata benchi kwa mikono yote miwili macho nimefumba, na kila tukipita kwenye nguzo kijumba kinagonga gonga na kutikisika, roho inashuka mpaka kwenye soksi.

"Anko, unasali?"

Ndio nasali, niache.

Kilichonifumbua macho ni ukimya. Nilitegemea mngurumo, kumbe kile kijumba hakina injini, kinavutwa na waya tu, kwahiyo unasikia ndege wanaitana chini yako. Chini yako jamani, sio juu! Nikafungua jicho moja. Aisee. Vichwa vya miti mpaka macho yanapogota, kijani za kila aina, na huko juu kwenye matawi yameota makangaga makubwa yamejifunga kama vikapu, yanakinga majani yanayodondoka ndio udongo wao huo huo. Nikakumbuka msitu wa Machame, kule kwetu Kilimanjaro, nimepita mara mbili, na nikiulizwa nilichoona ni tope, mizizi, na kisigino cha aliyenitangulia. Ile miti yenye ndevu sijawahi kujua kichwani ikoje.

Njiani unashuka vituo viwili. Cha kwanza Red Peak, mita 545 kutoka usawa wa bahari, kuna njia ya mbao na mhifadhi anawatembeza bila kulipa zaidi. Huko Australia kuna mmea unaitwa gympie-gympie, majani yana vinywele, ukiugusa maumivu yanaweza kukurudia miezi na miezi. Upupu wetu ni mtoto mdogo. Mikono yote miwili nikaitia mfukoni. Kituo cha pili unaangalia maporomoko ya Barron na hapo niseme ukweli, Julai ni kiangazi kwao, maji mengine yanaenda kuzalisha umeme, kwahiyo ni mwamba mkubwa sana na maji kiduchu. Wanaotaka kuona yakinguruma waende masika yao, Januari mpaka Machi.

Ila kilichonikaa kichwani ni walivyoijenga. Ule msitu ni urithi wa dunia tangu 1988 na kuna watu waliandamana kuipinga. Basi nguzo zikaletwa kwa helikopta, barabara haikukatwa, mafundi wanaingia porini kwa miguu. Mimi 2019 serikali yetu iliposema inaangalia uwezekano wa kuweka kebo kaa Kilimanjaro nilikuwa wa kwanza kubisha, wagumu, yani wapagazi wanaobebea watalii mizigo mlimani, walibisha na mimi nikabisha nao, sababu yangu kubwa ilikuwa miti itakatwa. Sasa nimekaa juu ya miti haijakatwa, nimebaki na sababu moja tu mkononi, nayo ni binamu yangu, ambaye ni mgumu mwaka wa kumi na moja huu, ada za watoto wake watatu zote zimepanda mlima kichwani kwake.

Kuranda tukala, dada akanunua sabuni ambazo hata Arusha zipo, tukarudi kwa treni ya zamani, reli ya 1891 yenye mahandaki 15. Nzuri, ila nililala.

Usiku nikatuma video kwenye grupu la ukoo. Mashangazi wakajaza makopakopa, mama akauliza nauli, nikajifanya sijaona. Binamu akaandika mstari mmoja tu:

"Hapo begi lako alibeba nani?"

Nikamwambia lilikuwa miguuni kwangu. Akaweka kile kikatuni kinachocheka mpaka machozi. Mpaka leo hatujarudi kwenye hiyo mada.