Bastola za Chicago hununuliwa Indiana

Mjadala wa bunduki ukipamba moto Marekani, hakosi mtu wa kuitaja Chicago: sheria kali, na bado watu wanauana. Anayesema hivyo hajatazama ramani. Kusini-mashariki mwa jiji, ukivuka barabara tu umeshaingia Indiana. Ripoti ya jiji ya 2017 ilikuta silaha sita katika kila kumi zilizokamatwa kwenye uhalifu zilinunuliwa kwanza nje ya Illinois, na Indiana peke yake ilitoa asilimia 21.

Illinois, hata ukinunua kwa jirani, sharti uwe na kadi ya FOID, kibali cha kumiliki silaha kinachotolewa na polisi wa jimbo. Indiana, duka lenye leseni hukagua rekodi yako, lakini mtu binafsi akimuuzia mwenzake hakuna ukaguzi. Duka nalo haliruhusiwi kumuuzia bastola mkazi wa jimbo jingine, kwa hiyo genge hutafuta mnunuzi kivuli: mpenzi au binamu mwenye rekodi safi na kitambulisho cha Indiana. Anajaza fomu 4473, ile ya taifa ya kununulia bunduki dukani, anaapa kuwa bastola ni yake, jioni inavuka mpaka. Hadi 2022 sheria ya taifa haikuwa na kosa mahususi la ununuzi huo. Alishtakiwa kwa kudanganya kwenye fomu.

Polisi wakiikamata, namba iliyochongwa kwenye chuma hutumwa Martinsburg, West Virginia, kwenye kituo cha taifa cha kufuatilia silaha. Kwa kuwa ni marufuku kutunza daftari la taifa la wamiliki, maofisa huuliza kiwanda, kisha msambazaji, kisha duka. Njia huishia kwa mnunuzi wa kwanza.

Lakini mitaa tajiri ya kaskazini iko chini ya sheria hizohizo, na mauaji huko ni machache. Yanarundikana kwenye mitaa maskini ya kusini na magharibi: Englewood, West Garfield Park na jirani zake. Pande hizo za jiji zilipoteza kazi, makazi na shule. Kiwanda cha chuma cha South Works kilifungwa 1992. Maghorofa 28 ya Robert Taylor Homes, makazi ya umma, yalibomolewa hadi 2007, wakazi wakatawanyika kwenye mitaa ya magenge mengine. Mwaka 2013 jiji lilifunga shule zipatazo 50 kwa mkupuo, kisha likalazimika kupanga watu wazima barabarani kulinda watoto wanaovuka mipaka ya magenge. (Aliyepiga hesabu ya kubana matumizi sijui kama aliwahi kuitembea njia hiyo.)

Na wanaojeruhi kwa risasi wengi hawafikishwi mahakamani. Ndugu wa majeruhi hawasubiri kesi isiyokuja. Wanatafuta bastola, na Indiana si mbali.